Damu ya Mama Juu ya Barafu

Tongyeong,
Jumanne, Julai 28

Kwa Dada yangu Yeonju, mtawa mtarajiwa,

Pokea salamu kutoka kwa dereva hodari kuliko wote waliopata kuzaliwa kusini mwa nchi hii. Usicheke, nimekuona. Nikishika usukani mimi, mvua inasogea pembeni inipishe. Kona za barabara ya Goseong zinajinyoosha zikisikia honi yangu. Juzi kuna samaki nilimfikisha sokoni akiwa hai kiasi kwamba aliniuliza mbona tumefika mapema, alikuwa hajamaliza kusinzia. Kwa hiyo kaa vizuri, jua kwamba unasoma barua ya mtu mkubwa.

Habari za huko mlimani, kwa Buddha wenu? Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yako yako mahali pake baada ya kusujudu kote huko, na kichwa chako ulichokinyoa hakijapata mafua. Ni kweli mnaamka saa tisa alfajiri? Na ni kweli chakula chenu hakitiwi hata punje ya kitunguu saumu? Mtu wa ukoo wetu wa Bang asiyekula kitunguu saumu! Mimi ningetoroka siku ya pili, tena ningetorokea jikoni kwa jirani. Nimeambiwa mwaka wa kwanza hamshiki simu, na barua mnaruhusiwa moja kwa msimu, ndiyo maana hii nimeirefusha. Vumilia, uvumilivu si ndio kazi uliyokwenda kuisomea.

Mimi mzima. Ile kazi ya kupeleka vyakula kwa pikipiki nimeiacha tangu Machi, sasa naendesha lori dogo la Mzee Ma, yule muuza samaki wa pale karibu na mnada, mwenye sauti ya kuamsha marehemu. Ananiita "we nusu darasa" mbele ya wateja, lakini funguo za lori hampi mtu mwingine. Jana alisema nikioa atanipa boksi la mikunga. Nikamwambia aanze kunipa mikunga, mke atafuata harufu.

Sasa mama. Ulipoondoka Novemba uliacha mwanamke anayefungiwa kisu cha kufungulia chaza mkononi kwa kitambaa, kwa sababu vidole vilikataa kukikamata. Unakumbuka. Asubuhi viungo vyake vilikuwa vimekaza mpaka saa nne, na mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo vya sweta huku akinitukana kwamba navifunga upande upande. Nilikuwa navifunga upande upande makusudi, ili atukane. Mama akitukana ujue bado yupo.

Februari, Nesi Do wa zahanati yetu akamwita mama akamwambia kwamba hospitali kubwa ya mkoani wanatafuta wagonjwa wa baridi yabisi ya aina yake, siyo ile ya uzee, ile ya mwili kujipiga wenyewe, wajaribu dawa mpya. Tukaenda. Daktari mwenyewe ni mwanamke, Daktari Pyo, mfupi, anaongea polepole kama mtu anayemimina mafuta kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Akatuchorea kwenye karatasi. Akasema chembe nyeupe za damu ni askari. Mdudu akiingia mwilini wanamzingira, wanamtemea oksijeni kali, ya kuunguza, haina tofauti kubwa na ile dawa ya kung'arishia nguo, mdudu anakufa. Lakini askari wa mama wamechanganyikiwa. Wamepiga kambi kwenye viungo vya vidole na magoti, adui hayupo, na wao wanatema tu kutwa kucha, na ile kali yao inakula gegedu kama kutu inavyokula nanga. Hali hiyo ina jina refu la kitaalamu. Nililisikia mara tatu na mara tatu likanitoroka, kwa hiyo mimi naiita kutu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, kwa hiyo Daktari, ninaungua kwa ndani? Daktari Pyo akasema ndiyo, mama, kidogo kidogo. Mama akashusha pumzi, akasema afadhali, yeye alidhani ni uvivu.

Dawa mpya kazi yake ni kuwatuliza hao askari. Kila mwezi wanachukua damu, wanazitenga chembe nyeupe, wanaziweka kwenye mashine na kuzichokoza. Zikitema ile oksijeni kali zinatoa mwanga, mdogo mno, jicho halioni, lakini mashine inauona na kuuhesabu. Mwanga ukishuka, dawa inafanya kazi. Mwanga ukipanda, mgonjwa anatolewa kwenye majaribio, anarudi kwenye vidonge vyake vya zamani, kwa sababu dawa isiyotuliza inaweza kudhuru. Ndiyo sheria yao. Mama akaigongea muhuri wake bila kuuliza mara mbili.

Dada, ilifanya kazi. Machi mwanga ukashuka. Aprili ukashuka tena. Mei ukawa karibu sawa na wa mtu mwenye afya. Vidole vikanywea mpaka pete ya ndoa ikawa inacheza. Wiki tatu za mwisho za msimu mama akarudi kwenye banda la kufungulia chaza, kwenye kiti chake cha dirishani alichokikalia miaka ishirini na miwili, akashika kisu bila kitambaa. Mama Gyuri, jirani yake wa meza, akamtazama weee, kisha akasema, Mama Taeshik, umepona au umeazima mikono ya mtu? Mama akamjibu bila kuinua macho kwamba ameiazima ya binti yake Gyuri, si haina kazi nyingine zaidi ya kupakwa rangi kucha. Banda zima likaangua kicheko. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuchukua mzigo. Nikajifanya nimeingiwa na maji ya chumvi machoni.

Haya. Hapa ndipo ninapoingia mimi, shujaa.

Damu ya mama ya kila mwezi huchukuliwa hapa kwenye zahanati yetu saa mbili asubuhi, gari la hospitali linakuja kuifuata, na ni lazima iwe maabara kabla ya saa tano. Juni 25 gari likaharibikia njiani. Nesi Do akawa anazunguka uani na simu sikioni, uso umemshuka, kwa sababu damu ikichelewa haifai tena na mwezi mzima wa mama unakuwa na pengo. Mimi nilikuwa nimemleta mama kwa lori, nyuma limejaa barafu na mikunga ya mgahawa mmoja huko huko mkoani. Nikasema, Nesi, futa machozi, Taeshik yupo. Akanipima kuanzia viatu hadi nywele. Akaniuliza shule niliiacha kabla ya somo la damu au baada. Nikamjibu katikati, mwalimu alikuwa amegeukia ubaoni. Akacheka, hakutaka lakini akacheka, akanikabidhi boksi jeupe lenye vichupa sita, akaanza kunipa masharti. Akasema nisiliache juani, nisilitikise, na akaendelea. Mimi nikamkata. Nikamwambia, Nesi, mimi nabeba vibichi tangu nina miaka kumi na minne, hakijaoza kitu mkononi mwangu, sasa utanifundisha nini? Akasema haya bwana mkubwa, kimbia basi. Mama alikuwa ameketi benchi amebana pamba mkononi, na nilipokuwa natoka nilimsikia akiwaambia wagonjwa wote pale kwamba huyo ni mwanawe, anaipeleka damu yake mwenyewe.

Nilivyoitunza ile damu, hakuna mfalme aliyetunzwa hivyo. Nilipopita kituo cha mafuta nikaligusa boksi, nikalikuta vuguvugu. Vuguvugu, Dada! Wewe umekulia bandarini, unajua kitu kibichi kikiwa vuguvugu mwisho wake ni kuwatupia paka. Nikasimamisha lori pembeni, nikasogeza mikunga, nikavilaza vichupa kwenye barafu iliyosagwa laini, barafu chini, barafu juu, vile vile Mzee Ma alivyonifundisha kuwalaza chaza wanaokwenda Seoul. Kisha nikaendesha kona zote polepole, mimi huyu, mpaka bibi mmoja wa baiskeli akanipita. Karibu na geti la hospitali nikavitoa. Vinatoka jasho, na vinanuka mikunga. Nikasema nitampaje msomi kitu kinachonuka bandari, atasema nini juu ya ukoo wetu? Nikavifuta kwa fulana yangu safi, nikavisugua viganjani kimoja kimoja mpaka vikakauka na kupata joto la mkono, nikavirudisha kwenye boksi, nikaenda kumkabidhi fundi wa maabara kwa mikono miwili na kichwa chini, kama mtu aliyelelewa. Fundi mwenyewe anaitwa Bwana Seok. Akatazama saa yake, akasema hata gari lao halijawahi kufika mapema hivyo. Nikarudi nyumbani nikiimba njia nzima. Mama akanipikia supu ya mwani kama vile ni siku yangu ya kuzaliwa.

Siku nane zikapita. Julai 3 tukaitwa hospitali, mama na mimi.

Tulifika mapema. Mama akabaki kwenye viti vya korido, mkoba mapajani, amevaa ile blauzi yake ya bluu ya harusi za watu. Mimi unanijua sikai. Nikaenda kuchungulia maabara. Bwana Seok akanitambua, akasema, aa, rubani wa samaki, njoo uone. Alikuwa anatafuna mkate wa mchele, mtu mchangamfu tu. Nikamwambia anionyeshe hiyo mashine inayoona mwanga wa mama. Akanionyesha. Kiboksi tu, kama jiko la kupashia chakula. Nikamwambia nilitegemea kitu kikubwa zaidi. Akacheka, akasema mashine siyo taabu, taabu ni hizo chembe zenyewe, zina hasira za karibu kuliko mama mkwe wake. Ukizichelewesha zinakufa. Ukizitikisa zinawaka. Na kubwa kuliko yote, akasema, usizitie baridi halafu ukazipasha joto. Zinaamka zimeshashika silaha, na ukizichokoza kidogo tu zinatema mara mbili, mara tatu, hata kama mwenye damu ameshapoa kabisa. Akasema ndiyo maana boksi lao likifika vuguvugu yeye anafurahi, wanaliacha vuguvugu makusudi, si unajua bwana, nesi huwa anawaambia wabebaji.

Nikamwambia ndiyo, najua.

Nikarudi kwenye korido. Mama akaniuliza mbona nimekuwa mweupe hivyo, nimekula nini. Nikamwambia sijala. Akatoa yai la kuchemsha kwenye mkoba, akanimenyea. Alikuwa anamenya mwenyewe, Dada, kwa vidole vyake, ganda linatoka vipande vikubwa vikubwa, na ananionyesha kila kipande. Nikalila lile yai. Sijui lilipita wapi.

Tukaitwa ndani. Daktari Pyo akasema mwanga wa Juni umepanda karibu mara tatu ya ule wa Mei. Akasema yeye mwenyewe ameshangaa, maana vidole vya mama havisemi hivyo, lakini sheria ni namba, na kwa namba hii mama anatoka. Akauliza maswali mawili matatu, tukajibu, tukaagana, tukapanda lori tukarudi. Basi.

Wiki ya kwanza haikuwa mbaya. Mama alisema labda dawa bado imebaki mwilini. Wiki ya pili pete haikutoka. Nilimpaka sabuni, nikampaka mafuta ya ufuta, mwisho akasema iache, ikae na mwenyewe. Wiki ya tatu akaanza kunywa supu kwa kushika bakuli kwa mikono miwili kama mtoto, vijiti viko pale pale mezani, havigusi. Juzi asubuhi nimemfunga vifungo vya sweta, maana anasikia baridi hata kwenye joto hili la mvua. Nikavifunga upande upande, vitatu vizima. Akajitazama kwenye kioo, akasema ahsante mwanangu.

Mama Gyuri alikuja Jumapili na bakuli la kimchi, ile achari yake ya matango. Akakaa, akaongea ya huku na huku, ya bei na ya mvua, mara yakamtoka. Akasema mwenye banda ameuliza, Oktoba msimu ukifunguliwa pale dirishani atakaa nani, kuna mama mmoja kutoka Geoje anakitaka kile kiti. Mama akasema akipewa huyo wa Geoje mwambie asiweke mto, kile kiti hakipendi mto. Mama Gyuri akacheka, mama hakucheka. Alipoondoka, mama akaitazama mikono yake kwa muda mrefu, halafu akaiweka chini ya meza, kama mtu anayemficha mgeni kitu.

Usidhani nimekaa tu. Jumatano iliyopita niliomba ruhusa kwa Mzee Ma, nikasema lori linavuta upande, nalipeleka gereji. Nikaendesha mpaka hospitali. Nikapanda ngazi, maana kwenye lifti nilihisi watu wananitazama. Nikafika mpaka mlango wa Daktari Pyo, jina lake limeandikwa pale, nikalisoma mara kama ishirini. Ndani nilimsikia akicheka na mtu. Nikasema ngoja amalize. Akamaliza, mtu akatoka, mlango ukabaki wazi kidogo hivi, ningeweza kuusukuma kwa kidole. Nikageuka. Nikamnunulia mama tikitimaji, nikamwambia nimelipata kwa mteja. Dereva hodari kuliko wote, hatua moja ikamshinda.

Sasa nikuambie kwa nini naandika leo. Mama ndiye aliyeniagiza. Amekaa na jambo hili moyoni mpaka limekuwa na mizizi. Anasema dawa ilikuwa nzuri, wenzake wote wanaendelea nayo, daktari ni mzuri, mwanawe aliipeleka damu kwa wakati, kwa hiyo kilichobaki kuwa kibaya ni yeye. Anasema labda ni kosa la maisha yaliyopita, au la haya haya, labda kwa jinsi alivyokufokea siku ulipoondoka, akakuambia usirudi. Anasema ile damu inamchukia na ina haki. Akaniambia, mwandikie dada yako, mwambie kama anaruhusiwa, asujudu mara elfu tatu kwa ajili ya damu yangu. Akasema nikuandikie vizuri, kwa adabu, nisitie mizaha. Akanikabidhi bahasha na stempu. Stempu alikuwa ameibandika mwenyewe, imekaa kichwa chini.

Dada, usisujudu. Hata mara moja. Damu ya mama haina kosa lolote, ilikuwa imetulia kama maji ya kisima, mimi ndiye niliyeilaza kwenye barafu na mikunga, halafu nikaipasha kwa viganja vyangu hivi.

Na pale chumbani kwa Daktari Pyo, niliposema aliuliza maswali mawili matatu, nilikuficha jambo. Aliuliza swali moja. Alisema, kabla sijaliandika hili, niambieni, ile siku gari letu liliharibika, njiani kulitokea jambo lolote lisilo la kawaida? Joto, baridi, kuchelewa? Kwa sababu kama kuna sababu ya kuitilia shaka ile damu, sheria inaniruhusu kuchukua nyingine na kupima upya. Kama hakuna, mkono wangu umefungwa. Mama akanitangulia kujibu. Akasema, Daktari, mwanangu aliibeba kama yai. Alisema hivyo huku amekaa wima, na akanishika goti. Daktari Pyo akanigeukia mimi, akasubiri. Dada, anajua kusubiri yule mwanamke. Maneno ya Bwana Seok yalikuwa bado hayajanitoka masikioni, hata nusu saa haijapita. Nikamwambia hakuna, Daktari. Hakuna jambo.

Orodha ya majaribio inafungwa Ijumaa hii, Julai 31. Nimeuliza kwa simu, nikajifanya ni mtu mwingine. Baada ya hapo aliyetolewa ametolewa. Kesho naenda tena, na safari hii nitausukuma ule mlango. Lakini hivyo hivyo nilijiambia Jumanne iliyopita, kwa hiyo sijiamini, na wewe usiniamini. Barua hii nikiitia posta leo asubuhi itakufikia Alhamisi. Nenda kwa mtawa mkuu wako, mwombe simu ya ofisi, mwambie ni mama. Namba ya Daktari Pyo nimeiandika nyuma ya bahasha. Mwulize tu, mdogo wangu alikuja? Akisema nilikuja, kata simu, rudi kwenye maombi yako. Akisema sikuja, msomee ukurasa huu wote, hata penye mikunga. Halafu mpigie mama pale kwa Mama Gyuri umwambie na yeye, maana akipimwa upya lazima ajue kwa nini, na mimi kumwambia mama ni mlango mwingine tena.

Limebaki moja. Barafu niliitia kwa ujinga, mtu anaweza kusamehewa ujinga. Kusema hakuna, nilisema kwa woga, mama amenishika goti. Hata hilo huenda likasameheka. Lakini baada ya hapo Daktari Pyo alifunga faili, akasema pole sana mama. Na mama akasimama. Akaweka mkoba kwenye mikono yangu, akaunganisha mikono yake tumboni, akainama mbele ya daktari anayelingana na wewe kwa umri, chini kabisa, kwa yale magoti yake, akasema, nisamehe Daktari, nimewapotezea dawa nzuri kwa damu yangu mbaya. Daktari Pyo alizunguka meza mbio kumwinua. Mama hakutaka kuinuka haraka, alitaka amalize. Ilichukua muda, Dada. Ulikuwepo muda wa kutosha kabisa wa kusema. Nikasimama pale nimeshika mkoba wake, nikamwacha ainame.

Nisalimie watawa wenzako, hasa yule aliyekunyoa. Mama anakusalimu sana, anauliza kama huko mna blanketi za kutosha. Hajui nilichoandika humu.

Ni mimi mdogo wako,
Bang Taeshik